Remmy Ongala, "Sura Mbaya" wa Kindu: nyimbo zake za kutoeleweka zina maana gani?

Katika Luofu, Kayna, Kirumba mpaka Butembo na Beni, mtu mwenye kupenda muziki wa zamani wa Kiswahili hawezi kukosa jina la Remmy Ongala. Sauti yake ni nzito na yenye kukwaruza, na gitare zinazomzunguka zinacheka. Vijana wakimsikia mara ya kwanza husema: "Huyu mzee anajililia tu." Umasikini, kifo, matusi, kudharauliwa, basi wanafunga telefone ao wanatafuta wimbo mwingine.

Kumbe hapo ndipo wanapomkosa. Remmy aliimba mara nyingi juu ya mtu ambaye wengine hawamuelewi, lakini si kwa kuomba huruma. Namna yake ilikuwa ingine: alichukua jina baya ambalo watu walimpa mtu, akalitaja mbele ya wote, kisha akamrudishia msikilizaji swali. Makala hii inaeleza njia hiyo kwa kufuata nyimbo zake chache na maneno yake, pamoja na yale ambayo kwetu Kivu yanaweza kutudanganya.

Mtoto wa Kindu aliyefika Dar es Salaam

Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, Maniema, wakati Kongo ilikuwa bado chini ya Wabelgiji. Wazazi wake walifariki yeye akiwa bado mdogo. Alijifunza gitare, akapiga muziki katika vikundi mbalimbali huku mashariki, na mwaka 1978 akafika Dar es Salaam kujiunga na Orchestra Makassy, iliyoongozwa na mjomba wake, Mzee Makassy.

Hakuwa wa kwanza kufuata njia hiyo. Miaka ile Dar es Salaam ilikuwa na orkestra nyingi zenye watu kutoka Zaïre, kama Maquis. Walileta gitare na rumba ya kwao, wakakuta mji unaotaka kusikia maneno ya Kiswahili. Remmy alikuwa na bahati moja: Kiswahili hakikuwa lugha ya kujifunza ukubwani. Alikuwa mtoto wa Maniema, na huko Kiswahili ni lugha ya nyumbani na ya soko. Baadaye aliingia Matimila, ambayo ikajulikana kama Super Matimila, na hapo ndipo alipokuwa mtunzi ambaye inchi nzima ilimsikiliza. Watu wakamuita Daktari. Mtindo wake yeye aliuita ubongo, kwa kuwa aliona muziki wake unapaswa kumfikirisha mtu hata kama miguu inacheza.

Mwaka 1988 alienda Ulaya na msafara wa WOMAD, tamasha ambalo Peter Gabriel alikuwa kati ya waanzilishi wake. Kutoka hapo zikatoka albamu mbili kwenye Real World, nyumba ya muziki ya Gabriel: Songs for the Poor Man mwaka 1989 na Mambo mwaka 1992. Mtu wa Kindu akawa anajulikana London, lakini aliendelea kuishi Sinza, Dar es Salaam, kati ya watu aliowaimbia.

Nywele ambazo watu walizisoma vibaya

Kabla ya nyimbo, kuna nywele. Remmy alikuwa na misokoto mirefu, na waliomuona walisema moja kwa moja: huyu ni rasta, mfuasi wa Bob Marley. Wengine waliongeza: mvuta bangi.

Habari ya nywele hizo ilianza mbali na Jamaika. Inasimuliwa kwamba mama yake alikuwa amefiwa na watoto kabla yake. Alipopata mimba tena, alienda kwa mganga, na mganga akamuwekea masharti. Moja lilikuwa kwamba nywele za huyu mtoto zisikatwe. Kwa hiyo kitu ambacho mji ulikiona kama alama ya uhuni, kwa mama wa Kindu kilikuwa alama ya woga wa mzazi aliyechoka kuzika.

Hii inafaa kukumbukwa na kila mtu anayetaka kuelewa nyimbo zake. Remmy alijua tangu utoto kwamba watu wanaweza kukutazama kichwani na kusoma habari ambayo hukuiandika.

Jina la matusi linageuka jina la kazi

Kati ya majina yake, moja lilishangaza wageni: Sura Mbaya. Mtu mwingine angepigana juu ya jina hilo. Remmy alilichukua, akalitumia mwenyewe, na likawa kama kibao mbele ya duka lake.

Kuna hekima gani hapo? Tusi lina nguvu kwa sababu mtu analificha na kuliogopa. Ukijiita wewe mwenyewe sura mbaya, aliyetaka kukuchoma anabaki na mwiba mkononi. Tena, jina hilo lilifungua mlango kwa wasikilizaji wake. Mama muuza samaki, mchukuzi wa mizigo sokoni, kijana asiye na kazi, wote walijua namna ya kutazamwa na kupitwa. Mwimbaji aliyesimama jukwaani akijiita hivyo alikuwa anawaambia: mimi ni wa kwenu.

Hata wimbo wa mapenzi unakaa karibu na wazo hilo. Kichwa cha wimbo Kipenda Roho kinatukumbusha methali inayosema kwamba kipenda roho hula nyama mbichi. Yaani moyo ukishapenda, hauulizi majirani kama kitu ni kizuri. Mtu mwenye kuitwa Sura Mbaya alikuwa na sababu ya kuipenda methali kama hiyo.

Mnyonge ni nani?

Neno moja linarudi katika kazi ya Remmy: mnyonge. Liko katika vichwa vya nyimbo mbili, Mnyonge Hana Haki na Sauti ya Mnyonge. Hapa kwetu tunasema zaidi masikini ao mzaifu, kwa hiyo wengi wanadhani mnyonge ni mtu asiye na franga. Si hivyo tu. Mnyonge ni mtu asiye na nguvu mbele ya mwingine. Anaweza kuwa na mbuzi wawili na shamba, lakini akifika mbele ya mkubwa, neno lake halihesabiwi. Anasema, na ni kama hakusema. Ndiyo maana unyonge na kutoeleweka vinakwenda pamoja: wa kwanza kukosa kusikilizwa ni yule asiye na wa kumtetea.

Kiswahili kina methali maarufu: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Methali hii inakubali kwamba watu watamkaza mnyonge, lakini inawawekea mpaka: kuna kitu chake ambacho lazima apewe. Sasa soma tena kichwa cha wimbo, Mnyonge Hana Haki. Ni kama kinajibu methali. Wazee walisema apewe, mtunzi anasema hajapewa. Msikilizaji anayeijua methali anasikia mara moja kwamba kuna ahadi iliyovunjwa. Asiyeijua anasikia malalamiko tu.

Angalia pia jina la albamu ya mwaka 1989. Kwa Kiswahili ni nyimbo kwa ajili ya masikini. Haikuitwa nyimbo juu ya masikini. Mtu anayeimba juu ya masikini anasimama mbali na kumuonyesha kidole kwa huruma. Anayeimba kwa ajili yake amegeuza uso, anamuangalia yeye. Basi tajiri akiusikia wimbo huo, anasikia mazungumzo ambayo hakualikwa. Labda ndiyo sababu wengine walimuona Remmy kama mtu wa kulalamika: hawakuwa wale aliokuwa anaongea nao.

"Mimi" wa wimbo si kila mara mwimbaji

Kosa la pili la wasikilizaji ni kuchukua kila "mimi" kama habari ya maisha ya mtunzi. Mtu anasikia Nalilia Mwana na kuuliza: kumbe Remmy hakuzaa? Wimbo huo unahusu uchungu wa kukosa mtoto. Mwimbaji ameazima mdomo wake kwa mtu anayelia ndani ya nyumba, ambaye ukweni wanamsema na ambaye majirani hawamuulizi anaumwa wapi.

Kuazima mdomo ni desturi ya zamani huku kwetu pia. Katika matanga, mama anaweza kuimba kwa sauti ya marehemu, naye hajafa. Hakuna anayemuita mwongo. Kila mtu anajua kwamba amebeba maneno ya asiyeweza tena kuongea.

Katika Kifo, Remmy anafanya kitu kinachofanana na hicho kwa kuongea na kifo chenyewe, kama vile mtu anavyomsimamisha mdeni njiani. Hamuelezi msikilizaji habari ya kifo. Anamuuliza mhusika. Mtu aliyefiwa mara nyingi huona kwamba hakuna anayemuelewa, kwa sababu kila anayekuja anamuambia "vumilia". Wimbo ule haumuambii avumilie. Unamuacha aulize.

Na kuna Ndumila Kuwili. Ndumilakuwili ni mdudu ao nyoka wa kusimuliwa, anayeuma pande zote mbili. Ndiyo jina tunalompa mtu anayechukua maneno yako hapa na kuyapeleka kule yakiwa yamegeuzwa. Katika Kiswahili, basi, kutoeleweka si bahati mbaya kila mara. Mara nyingine kuna mtu katikati anayekula kwa hiyo kazi.

Wimbo ambao redio haikuupiga

Mfano mkubwa wa Remmy kutoeleweka ni Mambo kwa Soksi, wa karibu mwaka 1990. Soksi, kwa lugha ya mtaa ya Dar es Salaam wakati ule, ilimaanisha kondomu. Hapa kwetu, ambapo za miguu tunaziita sosete na kondomu tunaiita kapote, mtu anaweza kuusikia wimbo mzima akidhani unahusu viatu.

Tanzania ilikuwa imetambua wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1983, mkoani Kagera, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Miaka saba baadaye, watu walikuwa wanazika vijana, lakini neno lenyewe lilitajwa kwa kunong'ona. Kusema kondomu mbele ya watu kulionekana kama kukosa adabu. Remmy aliweka neno hilo kwenye dansi.

Radio Tanzania ilikataa kuupiga wimbo. Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, lazima kukumbuka kwamba wakati ule hakukuwa na redio za watu binafsi Tanzania bara. Sheria ya kuziruhusu ilikuja mwaka 1993. Orkestra zilirekodi nyimbo zao katika studio za redio hiyo hiyo ya serikali, na maneno yalipimwa kabla ya kutoka. Mlango ulikuwa mmoja, na ulifungwa. Wimbo ukaenda kwa miguu: katika dansi, kwa kaseti, kwa midomo ya watu.

Waliokataa hawakuwa wajinga wote. Wazazi na watu wa dini walikuwa na swali la kweli: je, ukimuonyesha kijana namna ya kujikinga, humpi ruhusa ya kwenda? Swali hilo liko hata leo katika parokia na misikiti ya Lubero. Lakini walichosikia na alichosema Remmy vilikuwa vitu viwili. Wao walisikia: nendeni. Yeye alikuwa anasema: mnakwenda tayari, na mnakufa.

Hapa kosa la kusikiliza si jambo la ladha ya muziki tena. Wimbo wa mapenzi ukieleweka vibaya, watu wanacheka. Onyo likieleweka vibaya, kuna watu wanaolikosa.

Kuitwa mhuni

Kisha kuna Muziki Asili Yake Wapi, wimbo unaogusa moja kwa moja uchungu wa mwanamuziki anayedharauliwa. Katika miji ya Afrika Mashariki, mpiga gitare aliitwa mhuni. Neno hilo lina uzito kuliko voyou ya kwetu. Linabeba mtu asiye na makao, asiye na ndoa, asiye na adabu, asiyetaka kazi.

Remmy angeweza kujibu kwa kujisifu: mimi si mhuni, nimefika Ulaya, nina nyumba. Hakuchagua njia hiyo. Kichwa cha wimbo ni swali: muziki umetoka wapi? Msikilizaji akishaulizwa hivyo, anaanza kuhesabu mwenyewe. Kanisani kuna ngoma na kwaya. Harusi haiendi bila wimbo. Askari wanatembea kwa tarumbeta. Mtoto analazwa kwa wimbo, na maiti anasindikizwa kwa wimbo. Kama muziki ni uhuni, basi wahuni ni wengi sana, na aliyeuliza ni mmoja wao.

Hiyo ndiyo namna ya Remmy kwa ufupi. Hasemi "hamnielewi". Anaweka swali chini, anaendelea kupiga gitare, na kukuacha na hesabu yako.

Maneno yanayoweza kutudanganya

Kwa msikilizaji wa Kivu, Kiswahili cha Remmy ni karibu na ni mbali. Karibu, kwa sababu ni mtu wa Maniema. Mbali, kwa sababu miaka ya Dar es Salaam ilimpa maneno ya kule. Haya machache yanafaa kushikwa:

Mnyonge: asiye na nguvu mbele ya wengine, si lazima awe fukara.

Mhuni: mtu aliyeonekana kuwa nje ya adabu ya jamii, tusi zito kuliko utukutu.

Soksi: sosete, lakini katika wimbo wake ni kapote.

Ndumilakuwili: mtu wa ndimi mbili, mgombanishi.

Asili: mwanzo ao chanzo cha kitu, si kabila peke yake.

Namna ya kusikiliza wimbo wa namna hii

Mtu anayetaka kufafanua maneno ya mtunzi, awe Remmy ao kijana anayerekodi leo katika studio ndogo ya Butembo, anaweza kuanza na maswali manne.

La kwanza: nani anayesema? Usikimbilie kujibu "mwimbaji". Pengine ni mjane, mtoto, mgonjwa.

La pili: anasema na nani? Wimbo ukiwa na mtu anayeitwa ndani yake, kama vile kifo, ao tajiri, ao jirani, maana inabadilika.

La tatu: nani aliyetoa lile jina baya? Mtu hazaliwi akiitwa mhuni ao sura mbaya. Kuna mdomo uliotangulia.

La nne: kuna methali nyuma ya maneno? Mtunzi wa Kiswahili mara nyingi anaacha nusu ya usemi nyumbani, akijua kwamba utaikamilisha.

Maswali haya hayaishii kwenye muziki. Vita vya Lubero ya kusini, hasa tangu katikati ya mwaka 2024 wakati Kanyabayonga ilipoanguka, vilisukuma familia nyingi kuelekea Lubero, Butembo na Beni. Kila mahali ambapo wageni wanafika, majina yanatangulia: deplase, mwenye kuombaomba, mtu asiyejulikana ametoka wapi. Kijana aliyeacha shamba lake Luofu na kulala kwa watu wengine akiimba uchungu wake, wenye nyumba wanaweza kusikia kwamba hana shukrani. Na yeye pengine hakuwa anaongea nao. Alikuwa anaongea na shamba lake.

Alipobadilika, na jina lililobaki

Katika miaka yake ya mwisho Remmy aliumwa sana. Aliokoka, akakata zile nywele, akaimba nyimbo za Injili. Hapo tena watu waligawanyika. Wengine walisema amekana yote aliyoimba. Wengine walisema amechoka. Lakini mtu aliyewahi kuuliza kifo maswali jukwaani, kisha akamgeukia Mungu akiwa mgonjwa, hajatoka mbali sana. Alikuwa bado kwenye swali lile lile, na mtu mwingine wa kumuuliza.

Alifariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Katika albamu ya Mambo kuna wimbo wa kutamani kurudi nyumbani, na wengi wa huku wamejiuliza kama alikuwa anawaza Kindu. Hakurudi kuishi. Lakini pale Sinza, karibu na alipoishi, kituo cha daladala kiliitwa kwa jina lake. Kondakta akifika hapo anaita: "Kwa Remmy!" Abiria wanashuka na mizigo yao, wengi wakiwa watoto wadogo ao hawajazaliwa wakati redio ilipokataa wimbo wake.